Vichwa vya Ikwa Nilivyoviua kwa Pampu

Kiazi kikuu kikifia shimoni kinanuka kama panya aliyeoza ndani ya gunia la maharagwe. Sisemi hivi nikuharibie chakula chako. Nasema kwa sababu mikono yangu ilinuka hivyo siku mbili nzima. Niliosha kwa sabuni, nikaosha kwa majivu, nikaosha hata kwa mafuta ya taa, na bado nikiinua kikombe cha chai harufu ilinitangulia mdomoni. Na aliyekiua ni mimi. Nilijaribu kwanza kumlaumu fuko, nikamlaumu mwenye duka la dawa, nikailaumu mvua. Sasa nimezeeka, sina haja tena ya kulaumu mvua.

Shamba letu liko chini ya Laare, pale milima ya Nyambene inapochoka kupanda na kuanza kukaa chini. Watu wa mbali wakisikia Laare wanafikiria miraa tu, na pikipiki zinazokimbia na mafurushi yaliyofungwa kwa majani ya ndizi. Ni kweli, miraa tunayo, na imenisomeshea watoto. Mimi mwenyewe niliacha shule darasa la tatu, kwa sababu mwalimu alikuwa akinichapa kwa mkono wa kushoto na sikupenda. Hiyo ni habari nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba zamani mwanamume wa huku hakuulizwa ana miraa mingapi. Aliulizwa ana mashimo mangapi ya ikwa. Ikwa ndivyo tunavyoviita viazi vikuu nyumbani. Kimoja kinaweza kuingia ardhini urefu wa mkono wako mpaka begani, na mshipi wake, lile shina linalotambaa, unapanda juu ya mti mpaka huoni mwisho.

Ikwa ni zao la mwanamume. Mwanamke anapanda maharagwe, anapanda nduma, yaani majimbi, anapanda viazi vitamu, lakini kwenye mashimo ya ikwa hapiti. Wazee walisema akipita, kiazi kinatoroka chini kwa chini. Nani aliwahi kukiona kikitoroka, sijui, lakini ndivyo tulivyoambiwa na ndivyo tulivyoshika.

Sasa sikiliza jambo la kichwa, maana bila hilo hutaelewa ubaya wangu. Kiazi kikuu hakipandwi kwa mbegu. Ukikichimba, unakata ile sehemu ya juu iliyoshikana na mshipi. Hicho ni kichwa. Hukili. Unakipaka majivu pale ulipokata, unakiacha kivulini siku chache, halafu unakirudisha shimoni. Mwaka unaofuata kinatoa mwili mwingine. Kwa hiyo ukifikiria vizuri, ni mmea uleule. Baba yangu alipokuwa akichoma ikwa jikoni aliniambia, "Hiki unachokula, babu wa babu yangu alikila."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo tunakula makombo yake?"

Alinipiga kofi, lakini la kucheka.

Kule korongoni chini ya shamba letu kuna ikwa za mwituni. Zina miiba kwenye mshipi na zina uchungu. Siku moja baba alichimba moja, akaichoma, akatupa mimi na ndugu yangu mkubwa tuume kidogo. Midomo iliwasha mpaka usiku, tukakuna koo kwa uji moto. Baba akasema, "Hicho ndicho Mungu alichotupa. Hiki cha shambani tumekitengeneza pamoja naye, na ilichukua muda." Akaeleza kwamba kila mtu wa ukoo, kila mavuno, alionja. Kilichowasha, kichwa chake kilitupwa korongoni. Kilichokuwa laini, kichwa kilirudi shimoni. Mwaka kwa mwaka, mzee kwa mzee, mpaka kuwasha kukaisha. Hakuna mtu hata mmoja anayeweza kusema ni yeye aliyeifanya kazi hiyo.

Na si kiazi tu. Walipofyeka msitu, waliacha miti ya muringa isimame, kwa sababu muringa hauna ugomvi na ikwa. Mizizi yake inakwenda zake, majani yake makubwa yanaanguka yanakuwa mbolea. Miti yenye ugomvi waliikata. Ukiangalia ng'ambo ya mto wetu utaona mteremko mzima umejaa muringa, na hakuna mtu anayeishi pale tangu wazee walipohamishwa. Kuna wakati walikuja vijana wa kupima miti, wana kamba na simu zao, wakasimama wakasema pale ni msitu wa asili, haujaguswa na mkono wa mtu. Nikawapeleka chini kwenye kijito. Nduma zimesimama ukingoni kwa mstari ulionyooka. Nikawauliza, "Ni nyani aliyepanda nduma kwa mstari?" Wakacheka kwa adabu, mmoja akanipiga picha, wakaenda wakaandika asili yao. Nilitema mate walipoondoka. Shamba la watu wangu lilikuwa limewafanyia kazi nzuri mpaka hawakuliona, na hilo lilinichukiza kama vile mtu amekula chakula cha mama yako halafu akasema kiliota chenyewe.

Lakini mimi ni nani wa kutema mate. Ngoja nifike huko.

Wazee walikuwa na sheria nyingine. Usiweke vichwa vyote kwako. Kichwa kimoja lazima kilale kwa mtu: kwa ndugu, au kwa rika lako. Fuko akiingia kwako, moto ukipita, unaenda kwa yule unarudishiwa chako. Ndugu yangu mkubwa alikuwa na vya kwetu. Alipokufa, wanawe waling'oa ikwa zote wakapanda miraa mpaka mlangoni, mpaka ukitoka kwenda choo unapita ndani ya miraa. Wa rika langu wakafanya hivyohivyo. Nikabaki mimi peke yangu na mashimo kumi na moja. Nilijua sheria. Nilikuwa nikisema kila mwaka kwamba nitampelekea mtu kichwa. Sikupeleka. Hiyo nayo iandike kwenye makosa yangu, tena iandike juu.

Basi magugu. Magoti yangu yameharibika, na kupalilia mashimo ya ikwa, hata kwa jembe, kunayamaliza magoti. Siku ya soko nikaenda Laare, nikamwona jirani amebeba pampu ya mgongoni ya kupigia dawa. Shamba lake lilikuwa safi kama uso wa bibi harusi. Nikaingia kwenye duka la dawa za shamba. Mwenye duka, kijana wa maneno laini, akaniambia hii dawa inaua nyasi tu. Nikamwuliza, "Na chakula?"

"Mzee, inaua nyasi."

Sikia vile alivyojibu. Hakusema haiui chakula. Lakini mimi nilisikia nilichotaka kusikia, kwa sababu ya magoti.

Mke wangu aliniona nikichanganya ile dawa kwenye ndoo. Akasimama nje ya mstari wa mashimo, pale anaporuhusiwa, akauliza, "Hiyo dawa inajua kusoma?"

"Inajua nyasi."

"Itajuaje ile ni nyasi na hii ni ikwa? Zote ni kijani."

"Wewe mambo ya ikwa huyajui."

Hapo alikuwa amesema kweli yote kwa maneno machache, na mimi nikamjibu kwa mila. Nilipiga dawa wakati mvua zilikuwa zimeanza, nyasi changa zimetoka na mishipi ya ikwa imeanza kuparamia miti. Baada ya wiki nyasi ziligeuka njano, nikafurahi. Mishipi nayo ikasimama, ikajikunja. Nikasema ni jua. Mwaka uliofuata nikapiga tena. Nilipiga misimu mitatu, na kila msimu ikwa zilitoka nyembamba zaidi, na mimi kila msimu nilikuwa na sababu. Hata kanisani nilisimama nikashuhudia mbele ya wazee wenzangu jinsi Mungu alivyonipunguzia kazi kwa pampu.

Mwaka huu nilikwenda kuchimba. Shimo la kwanza, jembe likaingia kama kwenye uji. Nikaingiza mkono, nikashika kitu laini, chenye kamasi, kimejaa funza weupe wadogo. Shimo la pili hivyohivyo. Kwenye shimo la saba nilitapika. Mashimo yote kumi na moja, hakuna kichwa hata kimoja kigumu. Mke wangu alikuwa amekuja mpaka mpakani, ameziba pua kwa kitambaa.

"Mimi siruhusiwi kuingia huko," akasema, "lakini pua yangu imeingia."

Nilikuwa nimekaa kwenye udongo mikono imelowa, nikifikiria kwamba kile alichokula babu wa babu ya baba yangu kimeishia kwangu, na kimeishia hivi.

Nilitafuta njia za mkato. Nilinunua kiazi kikuu sokoni Maua, kimetoka mbali huko. Kilikuwa na maji kama boga. Nikashuka korongoni nikachimba cha mwituni, nikajidanganya kwamba nitakilea kitapoa. Nikachoma kipande, nikakila chote kwa ukaidi. Midomo ilivimba, na mke wangu akaniambia nimekuwa kama mbuzi aliyeumwa na nyuki. Hapo ndipo nilipoelewa hesabu ya baba. Kuanzia mwituni ningehitaji kuishi mara kumi.

Kulikuwa kumebaki mtu mmoja tu. Dada yangu.

Dada yangu amenizidi miaka minne. Aliolewa Kianjokoma, upande wa Embu, na mwalimu aliyekuwa akifundisha huku kwetu. Siku aliyoondoka nyumbani alikuwa na kiondo kimejaa nduma za kumpelekea mama mkwe. Jioni yake baba alikuta shimo moja la ikwa limefukuliwa na kufunikwa vizuri, vizuri kupita kiasi. Akatuuliza. Mimi nilikuwa nimemwona alfajiri akiwa amepiga magoti pale, kichwa kikiingia kiondoni chini ya nduma. Nikasema. Hakuna aliyenishika koo, niliulizwa tu nikasema, na nilisema kwa raha kidogo, kwa sababu dada alikuwa akipendwa kuliko mimi. Baba akatamka kwamba mwizi wa ikwa asile tena kitu cha shamba lake. Mwanamke kuiba ikwa, na kuipeleka kabila lingine, ilikuwa ni kama kuondoka na moto wa nyumba. Dada alikuja kwenye mazishi ya baba, akasimama nyuma na watu wa Embu, hakula. Mimi nilipita na sahani za wageni, nikampita. Tangu hapo nimekwenda kwake mara mbili tu, matanga mara zote mbili.

Sasa mvua za Oktoba zilikuwa zinakaribia. Kichwa kisipoingia ardhini kabla ya mvua, mwaka umeenda. Na mpwa wangu, mwana wa dada huyo, alikuwa amenipigia simu mambo mengine, akataja kwamba anataka kusafisha kona ya ikwa ya mama yake apande avokado. Nilipiga hesabu ya umri wa dada na ya miche ya avokado, nikavaa koti. Nilibadilisha magari Meru na Embu mjini, nikafika Kianjokoma na baridi yake ile inayoingia kwenye mifupa bila kubisha hodi.

Mpwa wangu ni mtu mzima, ana kipara na digrii. Lakini huko kama huku, mjomba akikutamkia neno baya ni laana isiyotoka, kwa hiyo alinipokea kama bomu. Alinikalisha kwenye kiti cha karibu na moto, akanipa chai kabla sijavua kofia.

"Mjomba, umekuja kwa wema?"

"Nimekuja kumwona mama yako."

"Hakuna mtu aliyekufa?"

"Hakuna mtu."

Akapumua. Kupitia mlango nikaona stoo yao. Miche ya avokado imepangwa kwenye mifuko myeusi, na ukutani imening'inia pampu ya mgongoni, ya bluu kama yangu. Nikaiweka chai chini.

Dada akaingia. Amekuwa mdogo, amepinda, lakini macho ni yaleyale ya kukuhesabu meno. Alikaa akanitazama, hakuuliza habari za safari.

"Mtoto wa mama yangu. Umekuja mikono mitupu, na hujaja kwa mazishi. Kwa hiyo umekuja kuomba."

Nikamwambia nimekuja kuomba kichwa cha ikwa.

"Vya baba viko wapi?"

"Fuko aliingia."

"Mashimo mangapi?"

"Yote."

"Kwa mstari? Alianza shimo la kwanza akamaliza la mwisho, kama anayepiga chanjo?" Akamgeukia mwanawe. "Huyu tangu mdogo ni hodari wa kusema ya wengine. Ya kwake yanamkwama."

Nikasema ukweli. Niliusema vibaya, nikianza na magoti, nikipitia kwa mwenye duka, lakini mwishowe nilifika kwenye pampu na misimu mitatu. Mpwa wangu alikuwa akiangalia sakafu. Chakula kikaja, dada akatuambia tufumbe macho tuombe. Aliomba kirefu. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa ng'ombe, kwa wajukuu, halafu akasema, "Na Baba, unamjua huyu aliyemwaga sumu kwenye mdomo wa babu zake kisha akakaa hapa anangoja ugali. Mpe hamu ya kula, maana mimi ningekuwa yeye nisingekuwa nayo." Sote tukasema amina. Mimi pia nilisema. Ningefanya nini?

Kwenye sahani, kando ya ugali na mboga, kulikuwa na vipande vyeupe. Nilidhani ni viazi. Nikauma. Ilikuwa ni ikwa, lakini si ile niliyoizoea. Ilikuwa laini, inavunjika yenyewe, ina utamu mdogo unaobaki nyuma ya ulimi. Ilikuwa bora kuliko ya baba. Nasema hivi na baba amelala kaburini. Na unajua wazo langu la kwanza lilikuwa gani? Si shukrani. Nilikasirika kwamba ya kwake ni tamu. Mtu anaweza kujichukia kwa mambo mengi, lakini kujikuta una wivu na kipande cha kiazi, na huku umekuja kukiomba, hilo ni chukizo la peke yake.

Baada ya kula akanichukua nje, akitembea kwa fimbo. Kona yake ilikuwa nyuma ya kahawa. Katikati umesimama muringa mmoja mzee, na mishipi ya ikwa imeufunika kama shuka.

"Nilipofika hapa nikiwa bibi harusi," akasema, "nilikuwa na kichwa kimeanza kunyauka kiondoni, na sijui nitakificha wapi. Nikauona huu mti peke yake kwenye nyasi. Nikajua kuna mtu aliuacha kwa sababu. Nikachimba pale chini usiku mama mkwe akiwa amelala. Udongo ulikuwa mweusi, laini, mkono ukaingia mpaka kiwiko. Watu wa Embu nao walikuwa na mashimo yao, wakayasahau. Mti haukusahau."

Akafukua moja kwa fimbo. Kilikuwa kifupi, kinene kama chungu kidogo. Nikamwambia, kile tulichokuwa nacho nyumbani kilikuwa kirefu.

"Baba alichagua kirefu ili wanaume wenzake waone akikibeba. Alihitaji wanaume wawili kukichimba. Mimi nilikuwa peke yangu, na jembe fupi, na mimba. Kila mwaka nilirudisha kichwa cha kile ambacho jembe langu lilikifikia, na ambacho kiliiva upesi kabla kuni hazijaisha. Watoto wakionja, kile walichomaliza sahani ndicho kilichorudi. Nimefanya hivyo tangu huyu kipara hajazaliwa."

Nilikuwa nimefikiri kazi ile iliisha zamani, kwamba wazee waliimaliza na sisi tunakula tu. Kumbe ilikuwa imeendelea muda wote, huku Kianjokoma, kwa mkono wa mtu tuliyemwita mwizi. Na hapo kwangu, kwa mkono wa mrithi halali, ilikuwa imeoza.

Mpwa wangu alikuwa ametufuata. Nikamwambia, "Hii kona usiiguse."

"Mjomba, ilikuwa ni mawazo tu."

"Na ile pampu usiilete huku."

"Sitaleta, mjomba." Akarudi nyuma hatua moja. Nilijisikia vibaya kumtisha kwa mdomo wa mjomba, lakini si vibaya sana.

Nikamgeukia dada. "Basi nipe hata kimoja."

"Sikupi."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

"Nitampa mke wako. Aje mwenyewe achukue. Ataweka kiondoni kwake, na atapanda mwenyewe."

"Dada, mila zinasema mwanamke..."

"Mila ulikaa nazo wewe nyumbani. Zikoje sasa? Zinanuka?"

Nililala pale, na asubuhi nikaondoka bila kitu mkononi. Dada alinipa ikwa iliyochemshwa nile njiani, imekatwa kichwa. Alihakikisha ninaona kwamba imekatwa.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kila kitu, hata maombi. Alisikiliza akichambua maharagwe. Alipomaliza maharagwe alikwenda akachukua kiondo, akafunga kitambaa kichwani, na kesho yake akaenda Embu. Hakunipigia simu siku tano. Mawingu yalikuwa yamejaa juu ya Nyambene, na mimi nilikuwa nikitoka nje kila saa kuyaangalia kama mtu anayengoja kesi. Nilifikiria kwamba wamekubaliana huko, wanawake wawili, wasirudishe kitu huku kwa mtu kama mimi. Nilifikiria pia kwamba wangekuwa na haki.

Siku ya sita alirudi. Alikuwa amepewa vichwa vinne, vimepakwa majivu, vimefungwa kwa majani ya ndizi. Kimoja hakufika nacho nyumbani. Alikiacha njiani kwa mwanamke mwenzake wa kanisani kilale huko, na hilo hakuniuliza.

Vile vitatu hakuvipanda kwenye mashimo yangu. Alisema udongo ule ameshaunusa. Alichagua muringa uliokuwa upande wake, karibu na nduma, akachimba mwenyewe. Mimi nilibeba samadi ya mbuzi kutoka zizini, nikaiweka pale aliponionyesha kwa kidole, nikarudi nyuma. Wanaume wawili wa rika langu walipita barabarani, wakaona mwanamke ameinama kwenye shimo la ikwa na mwanamume amesimama na debe la samadi. Mmoja akauliza kama nimeolewa. Nikamwambia ndiyo. Wakaenda wakicheka, na mashamba yao hayana hata ikwa moja.

Mvua ilianguka wiki hiyohiyo. Nyasi zikatoka kwanza, zinatangulia siku zote. Pampu yangu nilikuwa nimeitoboa kwa msumari isije ikaazimwa. Mke wangu akaniambia njoo upalilie kwa mkono, magoti yapende yasipende. Nikaweka gunia chini nikapiga magoti. Niling'oa nyasi, nikang'oa mbigili, nikashika kitu chekundu chembamba kilichojikunja kama mkia wa panya mdogo. Mke wangu akanipiga mkono.

"Hicho acha. Hicho ndicho chenyewe."

Nilikitazama kwa muda mrefu. Nimekula ikwa maisha yangu yote, nimerithi mashimo kumi na moja, nimewafundisha wageni ng'ambo ya mto nani alipanda nini, na sikuwa naijua sura yake ikiwa ndogo. Nilikuwa nikipalilia nimesimama, kwa jembe, na kabla ya hapo baba alikuwa akipalilia. Nikamwomba anionyeshe na vile vingine viwili, nisije nikakosea.

"Kimoja bado hakijatoka," akasema. "Kile kingine kiko karibu na goti lako. Sogeza goti."

Nikasogeza goti.